Chuo chetu kinataka kuingia katika elfu bora duniani: je, niutie saini mpango huu?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mhadhiri mwandamizi katika chuo kikuu ambacho naomba kisitajwe, kama ninavyoomba jina langu lihifadhiwe. Chuo chetu kilianza kama chuo cha ualimu, baadaye kikapandishwa hadhi, na katika miaka yote hiyo kimejulikana kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kuandaa walimu wa wanafunzi viziwi. Tunafundisha masomo mengine pia, na baadhi yake tunayafundisha vizuri, lakini wakuu wa shule wanaotupigia simu miezi kadhaa kabla ya mahafali huuliza swali lilelile: mwaka huu mnatoa walimu wangapi wanaojua lugha ya alama?

Mwaka jana tulipata uongozi mpya, ukatangaza kwamba ndani ya miaka mitano chuo kiwe kimeingia miongoni mwa vyuo vikuu elfu moja bora duniani. Aliajiriwa mshauri mwelekezi, ikaundwa kamati ya watu tisa kuandaa mpango mkakati, nami nikateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe. Rasimu iliyo mbele yetu inasema kwamba mhadhiri atakayechapisha katika jarida linalotambuliwa kimataifa atapewa posho kwa kila makala; kwamba safari za wahadhiri kwenda kuwakagua wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha zitapunguzwa kutoka tatu hadi moja kwa kila mwanafunzi, ili wahadhiri wapate muda wa kuandika; kwamba kitengo cha lugha ya alama kitaunganishwa na idara ya lugha; na kwamba mikataba ya wakufunzi wetu wanne ambao wenyewe ni viziwi haitahuishwa itakapokwisha, kwa kuwa hawana shahada ya uzamivu na, kwa maneno ya rasimu, "wanashusha wastani".

Naomba nikusimulie jambo moja ili uone kinachoniuma. Ninaye mwenzangu idarani ambaye amefanya kazi hii kwa miaka 22. Muhula uliopita tulikwenda pamoja kumkagua kijana aliyekuwa akifundisha hesabu za sehemu katika darasa la watoto viziwi kumi na wanne. Mwenzangu aliketi kwenye dawati la nyuma kabisa, daftari mapajani, akakaa hapo kipindi kizima. Kijana alikuwa amejiandaa, mchoro wake ubaoni ulikuwa safi, na mimi nilikuwa nimeshampa alama nzuri kichwani mwangu. Kipindi kilipokwisha, mwenzangu alimwonyesha mstari mmoja aliouandika: "Umezungumza na ubao dakika kumi na moja." Alikuwa amezihesabu. Kila kijana alipochora alikuwa akieleza huku amewapa watoto mgongo, na mtoto kiziwi aliyepewa mgongo hana anachopata, kwa sababu macho yake ndiyo masikio yake. Kesho yake tulirudi. Kijana alichora kwanza, akaweka chaki chini, akageuka, akangoja mpaka watoto wote wamemtazama, ndipo akaanza kueleza kwa mikono. Mtoto mmoja wa safu ya mbele, ambaye jana yake alikuwa akichezea kifutio, aliinua mkono mara tatu.

Fomu mpya ya kuwatathmini wahadhiri ina kurasa sita. Inauliza idadi ya makala, idadi ya manukuu (yaani mara ambazo watafiti wengine wamezitaja makala hizo), majina ya majarida na thamani ya ruzuku za utafiti. Nimeisoma yote na sikuona mahali ambapo mwenzangu angeweza kuandika zile dakika kumi na moja. Kwa fomu hiyo, yeye ndiye mhadhiri dhaifu kuliko wote idarani.

Hata hivyo, sitaki kujifanya mtakatifu. Makamu mkuu wa chuo ni mtu mwadilifu na hoja zake zina uzito: anasema wafadhili wanatazama orodha, serikali inatazama orodha, na wahitimu wetu wanaoomba nafasi za masomo nje hukataliwa kwa sababu chuo chetu hakijulikani. Binti yangu mwenyewe alipokuwa akichagua chuo, jambo la kwanza alilofungua lilikuwa orodha ya ubora, nami sikumzuia. Na posho ya makala ya kwanza iliyotolewa kwa majaribio niliipokea mimi.

Baada ya wiki tatu kamati itakutana kuupitisha mpango. Nikiutia saini, nahisi nitakuwa nimemwondoa mwenzangu kwenye dawati lile kwa mkono wangu. Nikikataa, nitaonekana mpinga maendeleo anayetetea uvivu wa kutoandika. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mjumbe wa kamati

JIBU

Ndugu Mjumbe,

Nakushukuru kwa kuandika kwa uwazi, hata pale ulipojisema mwenyewe. Nitakupa jibu kwanza, kisha nilieleze: usiutie saini mpango huu kama ulivyo, lakini usijiuzulu katika kamati, wala usiende kikaoni kuzilaani orodha za ubora. Ukizilaani utashindwa kwa dakika tano, kwa sababu makamu mkuu wako hasemi uongo. Uingereza ilipoanzisha mwaka 2022 viza maalumu ya wahitimu wenye uwezo mkubwa, ilitaka mwombaji awe amesoma katika chuo kilichomo katika 50 bora kwenye angalau orodha mbili kati ya tatu zinazofahamika zaidi. Mwenye shahada ya chuo kingine, hata awe hodari namna gani, mlango huo haukumhusu. Orodha zina nguvu katika maisha ya watu halisi, na anayezipuuza mbele ya kiongozi mwenye dhamana ya wanafunzi maelfu ataonekana hajui anachosema.

Nenda basi ukiwa unazijua kuliko mshauri mwelekezi. Orodha ya kwanza ya dunia nzima iliyopata nguvu ilitolewa mwaka 2003 na Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong, na nia yake ilikuwa wazi: Wachina walitaka kujua vyuo vyao viko umbali gani na vyuo vikubwa vya utafiti. Kwao hilo lilikuwa swali la haki. Lakini tazama jinsi lilivyojibiwa. Asilimia 30 ya alama zote hutokana na wahitimu na wanataaluma waliopata Tuzo ya Nobel au Nishani ya Fields ya hisabati, asilimia 20 hutokana na makala zilizochapishwa katika majarida mawili tu, Nature na Science, na asilimia nyingine 20 hutokana na idadi ya watafiti walio katika kundi la wanaonukuliwa zaidi duniani. Hayo ni asilimia 70, na hakuna hata chembe ndani yake inayohusu mtu aliyeketi nyuma ya darasa. Waandaaji hawakuficha lolote. Walipima walichotaka kukijua. Kosa ni la kwetu tunaochukua jibu la swali la mwingine na kulibandika juu ya maisha yetu.

Orodha ya QS, kampuni ya Uingereza, ina sura nyingine. Kwa miaka mingi asilimia 40 ya alama zake ilitokana na kuwauliza wanataaluma wa dunia ni vyuo gani wanavyoviona bora. Tangu toleo lililotoka mwaka 2023 kigezo hicho kimeshushwa hadi asilimia 30, na maoni ya waajiri yamepandishwa hadi 15. Karibu nusu ya alama, kwa hiyo, ni sifa iliyokwisha kuenea, na sifa ya namna hiyo hukifuata chuo ambacho tayari kinajulikana. Tena, orodha hiyo hugawa manukuu kwa idadi ya wahadhiri, na wakati huohuo hutoa alama kwa uwiano mzuri wa wahadhiri na wanafunzi. Yaani, kama wakufunzi wenu wanne wanahesabiwa miongoni mwa wahadhiri, kuwaondoa kutapandisha tarakimu moja kwa nukta chache na kuishusha nyingine palepale. Muulize mshauri mwelekezi, kwa upole na kwa kumbukumbu ya kikao, kama aliipiga hesabu hiyo. Sidhani kama aliipiga.

Orodha ya tatu, ya jarida la Uingereza la Times Higher Education, ina sharti ambalo kamati yenu lazima ilijue kabla ya kulizungumzia jambo lolote jingine. Chuo hakiingii humo mpaka kiwe na makala zisizopungua 1,000 zinazokubalika katika kipindi cha miaka mitano, na zisizopungua 100 kila mwaka, na mpaka kiwe kinafundisha shahada ya kwanza. Sharti hilo la mwisho hukiacha nje Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambacho hufundisha tiba na sayansi za afya kwa ngazi za juu tu, na ambacho kwenye orodha ya Shanghai kimekuwa kikiwekwa katika nafasi za juu sana. Chuo kilekile, wataalamu walewale, maabara zilezile: huku ni kinara, kule hakipo. Kisha omba maktaba yenu ikupe idadi ya makala mlizochapisha katika miaka mitano iliyopita. Kama ni mia mbili, basi mpango unawataka mzidishe mara tano kwa wahadhiri walewale, na hapo ndipo inapobainika kwa nini rasimu inatafuta saa za kazi kwenye safari za kukagua mazoezi ya kufundisha. Hakuna mahali pengine pa kuzipata. Na mkifika 1,000, mtakuta vyuo vingine mamia vimefika kabla yenu vikiwa na mpango uleule uliouzwa na washauri walewale, kwa sababu nafasi elfu moja hazigeuki kuwa elfu mbili kwa bidii ya wanaozitafuta. Mwiga tembo hupasuka msamba, na katika hili tembo mwenyewe anaendelea kukua.

Ninaogopa zaidi yanayotokea baada ya hapo. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Alexandria kilishika nafasi ya 4 duniani katika kigezo cha manukuu cha orodha hiyo ya Times, kikivipita vyuo ambavyo kila mtu anavijua, na chanzo kikubwa kilikuwa mwanataaluma mmoja aliyechapisha mamia ya makala katika jarida ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake. Nchini Marekani, aliyekuwa mkuu wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Temple alihukumiwa mwaka 2022 kifungo cha miezi 14 kwa sababu ya takwimu za uongo zilizopelekwa kwa waandaaji wa orodha. Mwaka huohuo profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, Michael Thaddeus, alizichambua takwimu ambazo chuo chake kilikuwa kimezitoa kuhusu ukubwa wa madarasa na mambo mengine, akaonyesha kwamba hazikubaliani na ukweli. Chuo kilikiri makosa, na mwezi Septemba kikaporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 kwenye orodha ya U.S. News, inayopanga vyuo vya Marekani. Mwanafunzi aliyeketi darasani Columbia wiki moja kabla ya kuporomoka na wiki moja baadaye alifundishwa na walimu walewale. Sisemi kwamba viongozi wako watadanganya. Ninasema kwamba posho inayolipwa kwa kila makala humfanya mtu mwema aanze kuigawa kazi moja kuwa makala tatu, na wewe uliyeipokea ya kwanza unajua vizuri mawazo yaliyokujia ulipokuwa ukiitumia. Sikulaumu kwa kuipokea. Naomba tu uyakumbuke mawazo hayo wakati wa kupiga kura.

Huenda mjumbe mwingine akapendekeza msusie kabisa. Atataja Chuo Kikuu cha Utrecht kilichoacha kupeleka takwimu zake kwa orodha ya Times mwaka 2023, na Chuo Kikuu cha Zurich kilichotangaza hivyohivyo mwaka 2024, na Sorbonne iliyofuata, na Reed College ya Marekani iliyogoma kushirikiana na U.S. News tangu mwaka 1995. Ni mifano ninayoiheshimu sana. Lakini vyuo hivyo vilipotoka mlangoni watu waligeuka kuvitazama. Chuo chenu kikitoka hakuna atakayejua kwamba kiliwahi kuwa ndani. Nguvu zenu zitafuteni kwingine.

Hapa nataka nikawie kidogo, kwa sababu ndipo barua yako iliponigusa. Washington kuna Chuo Kikuu cha Gallaudet, kilichopewa mamlaka ya kutoa shahada kwa wanafunzi viziwi kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864. Mwaka 1955 alifika hapo William Stokoe kuongoza idara ya Kiingereza, mtu asiyejua lugha ya alama. Wakati ule wataalamu wengi, na hata walimu wa viziwi wenyewe, waliiona lugha ya alama kuwa ishara za mikono zisizo na sarufi, kitu cha kumsaidia mtu mpaka ajifunze kutamka. Stokoe akawatazama wanafunzi wake wakizungumza. Alitazama umbo la mkono, mahali unapowekwa na jinsi unavyosogea, akaona kwamba sehemu hizo hupangwa na kupangwa upya kama sauti zinavyopangwa katika lugha za kusemwa. Mwaka 1960 alitoa chapisho dogo lenye hoja hiyo, na baadhi ya wenzake walimbeza. Mwaka 1965 ilitoka kamusi ya lugha ya alama ya Marekani iliyoandikwa na watu watatu, yeye pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, na hao wawili walikuwa viziwi. Kutoka hapo lilizaliwa tawi zima la isimu ambalo leo lina maprofesa, majarida na mikutano katika nchi nyingi.

Tafakari kazi hiyo ingefanyika wapi pengine. Vyuo vilivyokuwa na fedha na majina makubwa havikuwa na ukumbi uliojaa vijana wanaozungumza kwa mikono kuanzia asubuhi hadi usiku. Gallaudet ilikuwa nao. Utafiti ulizaliwa na jambo ambalo chuo kilikuwa kikilifanya kila siku, na viziwi wawili walikuwa mezani kama waandishi. Sasa rudi kwenye rasimu yenu inayosema kwamba wakufunzi wanne viziwi wanashusha wastani. Ndugu yangu, hao wanne, na daftari la mwenzako, na simu za wakuu wa shule, ndio utafiti wenu. Miaka 22 ya kuketi dawati la nyuma na kuhesabu dakika ambazo mwalimu amewapa mgongo watoto viziwi ni data ambayo vyuo vichache mno vinayo. Mpango wenu unataka kuifunga chemchemi ili wahadhiri wapate muda wa kwenda kuchota maji.

Kuna jambo ambalo hutalipenda, nami sina budi kulisema. Tumezoea kusema kwamba chema chajiuza. Kwa vyuo vikuu si kweli, na maneno hayo yamekuwa maficho ya watu wengi. Nimewahi kusikia idara zikijisifu kwa "nguvu yetu ya pekee" huku haziwezi kueleza mhitimu wao mmoja alikwenda wapi. Je, ninyi mnaweza? Kati ya walimu mliowatoa miaka mitano iliyopita, wangapi bado wanawafundisha viziwi, na wangapi walihamishiwa shule nyingine au waliacha kazi? Watoto waliofundishwa na wahitimu wenu wanasoma vizuri kuliko wenzao? Mwenzako ana madaftari mangapi, na ni nani mwingine aliyewahi kuyasoma? Kama majibu hayapo, makamu mkuu ana haki ya kushuku kwamba sifa yenu ni ya zamani na kwamba mnaitumia kama kivuli cha kulalia. Chuo kinachokataa kupimwa na wengine kinapaswa kujipima kwa ukali zaidi, hadharani, kwa takwimu ambazo zinaweza pia kukiaibisha.

Kwa hiyo tumia wiki hizi tatu hivi. Chukua wiki ya kwanza kutafuta wahitimu wenu; pigeni simu, andikeni barua, muwahesabu. Hata mkiwapata nusu tu, tarakimu hiyo ni ya kweli na ni yenu. Wiki ya pili keti na mwenzako na mkufunzi mmojawapo kiziwi, mfungue madaftari, mtafute makosa kumi ambayo walimu wanafunzi huyarudia zaidi. Nina hakika kuzungumza na ubao kutakuwa miongoni mwake. Mkiyapanga vizuri mtakuwa na makala ya kwanza, na ninakushauri majina ya wote watatu yawe juu yake. Itakapochapishwa, hakuna atakayeweza kusema kwamba watu wa mazoezi ya kufundisha hawaandiki.

Wiki ya tatu andika marekebisho ya rasimu, kwa lugha ya kamati, aya kwa aya. Usiombe lengo la elfu bora lifutwe, kwa maana makamu mkuu ameshalitangaza na hataweza kulimeza mbele ya watu. Pendekeza lihamishwe kutoka kwenye malengo liwekwe miongoni mwa matokeo yanayofuatiliwa, na mahali pake liandikwe jambo ambalo chuo chenyewe kinaweza kulitimiza: kwa mfano, kuwa mahali ambapo mwalimu yeyote wa viziwi, na mtafiti yeyote wa elimu yao, atalazimika kufika au kusoma kazi zake. Pendekeza safari tatu zibaki na kumbukumbu za ukaguzi ziingizwe kwenye fomu ya tathmini kama kazi ya kitaaluma. Pendekeza wakufunzi viziwi wawekewe ngazi ya kupanda vyeo kwa ujuzi, na anayetaka kusomea uzamivu alipiwe. Posho igeuzwe kuwa muda: anayeandika kutokana na kazi ya shuleni apunguziwe vipindi kwa muhula mmoja. Wakisema hayo ni mambo ya vyuo vidogo visivyoweza kushindana, wakumbushe kwamba tangu mwaka 2022 mamia ya taasisi, zikiwamo kubwa za Ulaya, zimetia saini makubaliano ya kurekebisha tathmini ya utafiti, na moja ya ahadi zake kuu ni kutotumia orodha za ubora wa vyuo katika kumtathmini mtafiti.

Marekebisho yakikataliwa yote, piga kura ya hapana na uombe sababu zako ziingizwe katika muhtasari wa kikao, kwa maneno yako mwenyewe. Yakikubaliwa nusu, ninakushauri utie saini, mradi safari za ukaguzi na wakufunzi wanne wawe ndani ya nusu hiyo. Mengine yanaweza kurudishwa mwaka ujao. Kitengo kinaweza kuhamishwa idara na kikaendelea kuishi. Mkufunzi aliyeondoka atapata kazi kwingine na hatarudi, na mwanafunzi aliyehitimu bila kukaguliwa ameshaingia darasani.

Kuhusu binti yako, usijilaumu. Alifungua orodha kwa sababu ndicho kitu pekee kilichowekwa mbele yake, na vyuo kama chenu havikuweka kingine.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Muombe mwenyekiti akupe dakika kumi na moja mwanzoni mwa kikao, kabla ya mshauri mwelekezi kuonyesha jedwali lake la kwanza. Mlete mwenzako kama mgeni mwalikwa, aje na mmoja wa wakufunzi na mkalimani. Mkufunzi aeleze somo la sehemu kwa lugha ya alama huku amewageuzia wajumbe mgongo, na mkalimani akae kimya, kwa dakika zote hizo. Halafu mwenzako afungue daftari na kuwasomea mstari wake.

Wako katika kazi,
Mshauri